Kutenganisha seli kwenye picha za hadubini kwa ujifunzaji wa kina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa uzamili na wataalamu wa maabara wa hapa Nairobi ambao huja mezani kwangu na flashi mkononi na swali lilelile: "Mwalimu, kompyuta inaweza kunihesabia hizi?" Mara nyingi inaweza. Nimeyaacha maswali yakae jinsi yanavyoulizwa, kwa hiyo usishangae jibu moja likiwa refu na lingine mistari miwili.

"Kutenganisha seli" ni nini hasa? Si kuhesabu tu?

Ni kuitaka kompyuta iseme, kwa kila pikseli ya picha, hii ni ya seli namba ngapi, au si ya seli yoyote. Ukishapata hilo, kuhesabu ni kazi ya sekunde moja, na juu yake unaweza kupima eneo, umbo na mng'ao wa kila seli.

Panda ghorofa ya tatu ya jengo lolote linalotazama steji ya matatu saa kumi na moja jioni. Mtu wa kwanza anakuambia, "Pale chini kuna matatu," na anapaka rangi eneo lote zilikosimama. Hajasema uongo, ila hujui ni ngapi, maana zimebanana bampa kwa bampa. Wa pili anakuchorea kila gari mstari wake. Sisi tunamtaka wa pili, na ugumu wote uko pale bampa zinapogusana.

Kuhusu neno lenyewe, wengine husema ugawaji, wengine segimentesheni. Mimi nasema kutenganisha, kwa sababu hata shangazi yangu ambaye hajawahi kuona hadubini huelewa mara moja ninachofanya kazini.

Mbona nisitumie Fiji tu, ile programu ya kuchakata picha, nikaweka kizingiti cha mwanga?

Tumia. Kama viini vimetiwa rangi inayong'aa, nyuma yake ni giza na seli zimekaa mbalimbali, mbinu ya Otsu ya mwaka 1979 itakupa jibu kabla chai yako haijapoa. Inatazama jinsi mwanga ulivyogawanyika katika picha nzima na kuchagua mahali pazuri zaidi pa kutenga giza na mwanga. Seli zikigusana kidogo, ongeza mbinu ya mabonde: picha inachukuliwa kama ardhi yenye mashimo, maji yanapanda, na maji ya mashimo mawili yanapokaribia kukutana panajengwa ukuta.

Inaharibika pembe za picha zikiwa na giza kuliko katikati, seli zikiwa hazina rangi na zinaonekana kwa kivuli tu, au zikiwa zimepandana. Seli ndefu nazo mbinu ya mabonde huzikata vipande vitatu bila huruma. Kipimo changu ni hiki: ukijikuta unasogeza kizingiti kwa mkono kwa kila picha, na picha zimefika 20, hicho si kipimo tena, ni maoni yako. Hapo endelea kusoma.

Ujifunzaji wa kina unafanya nini tofauti?

Modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, haipewi kanuni. Inapewa picha pamoja na jibu lililochorwa na mtu, inakisia, inaonyeshwa ilipokosea, inarekebisha kidogo mamilioni ya namba zilizo ndani yake, inakisia tena. Baada ya maelfu ya mizunguko ya namna hiyo imejifunza ukingo wa seli unafananaje, hata pale ambapo mwanga wenyewe hausaidii.

Modeli iliyofungua njia kwa watu wa hadubini ni U-Net, ya Ronneberger, Fischer na Brox wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, mwaka 2015. Jina limetokana na umbo la herufi U. Upande wa kushoto picha inapunguzwa hatua kwa hatua ili modeli ione mazingira mapana. Upande wa kulia inakuzwa tena kurudia ukubwa wake. Na katikati kuna madaraja yanayovusha maelezo madogo ambayo yangepotea njiani. Bila madaraja hayo mpaka wa seli ungetoka umefifia kama wino uliomwagikiwa maji.

Kilichowavutia watu wengi ni uchache wa picha. Katika jaribio lao moja walikuwa na picha 30 tu za kufunzia, za pikseli 512 kwa 512. Walizikunja na kuzivuta kama mpira ili modeli ione maumbo mengi zaidi, na wakaipa adhabu kubwa kila ilipokosea kwenye nafasi nyembamba kati ya seli mbili zinazogusana. Kwa lugha ya stejini, waliifundisha itazame bampa.

U-Net, StarDist, Cellpose: nianze na ipi?

Kama una viini vya mviringo, anza na StarDist ya mwaka 2018. Kila pikseli iliyo ndani ya kiini inatupa miale pande zote, kwa kawaida 32, na kukisia ukingo uko umbali gani kwa kila mwale. Ni njia nadhifu, lakini inadhani kila kitu kina umbo ambalo miale hiyo inaweza kulifikia kutoka katikati. Mpe seli ya neva yenye mikono mirefu uone atakavyokuchekesha.

Kama maumbo yako ni ya kila aina, anza na Cellpose ya Stringer na Pachitariu wa kituo cha utafiti cha Janelia, Marekani, iliyochapishwa mwaka 2021. Hii ndiyo ninayoifungua kwanza mgeni akija. Wazo lake tulieleze tukiwa bado stejini. Abiria wametawanyika, wamechanganyikana, lakini kila mmoja anajua gari lake na anamfuata makanga wake. Ukiwaangalia wote wakitembea, hata wawili waliosimama bega kwa bega watajitenga, huyu aelekee Rongai, yule Kikuyu. Ndivyo Cellpose inavyofanya kwa pikseli: inakisia kila moja inaelekea upande gani, inazifuata mpaka zikusanyike kwenye vitovu, kisha zilizoishia kitovu kimoja zinahesabiwa kuwa seli moja. Ilifunzwa kwa zaidi ya vitu 70,000 vilivyochorwa na watu, ndiyo maana mara nyingi hufanya kazi kabla hujaifunza chochote.

U-Net tupu chukua kama una mtu wa kuandika msimbo na tatizo ambalo hizo mbili zimekataa.

Na ile modeli ya Meta inayotenganisha kila kitu?

Segment Anything ilitoka Aprili 2023, ikiwa imefunzwa kwa picha milioni 11 na maski (michoro ya maeneo ya vitu) zaidi ya bilioni 1. Picha hizo ni za kawaida, si za hadubini, kwa hiyo peke yake huyumba kwenye seli. Lakini wataalamu wa hadubini wameijengea matoleo yao, na hata Cellpose ya 2025 imesimama juu ya sehemu yake. Mimi naipenda zaidi kama msaidizi wa kuchora: unabofya seli, inakuletea mpaka, unaurekebisha.

Picha nizipigeje?

Hapa tukae kidogo, maana nusu ya modeli "mbovu" ninazoletewa ni picha mbovu.

La kwanza, usinitumie picha kwa WhatsApp. Inabana picha, na kubana kunatengeneza vijiraba vidogo kwenye kingo za seli, mahali hasa tunapopahitaji. Hifadhi kwa muundo wa TIFF moja kwa moja kutoka kwa kamera. JPEG inafaa kwa slaidi za mkutano, si kwa kupima.

La pili, ondoa mstari wa kipimo na tarehe vilivyochapwa ndani ya picha. Niliwahi kuona modeli ikihesabu sufuri ya "50 µm" kama seli katika kila picha. Picha 140, seli 140 za ziada. Aliyeleta kazi hiyo alikuwa ameshaandika sura ya matokeo, masikini.

La tatu, mwanga. Seli zinazong'aa zikipita uwezo wa kamera zinakuwa bapa nyeupe, na seli mbili zilizogusana zinageuka moja ambayo programu yoyote itapata taabu kuitenganisha. Punguza muda wa kufungua kamera mpaka sehemu zinazong'aa zaidi zibaki chini ya kikomo.

La nne, andika ukubwa wa pikseli. Kamera yenye pikseli za mikromita 6.5 kwenye lenzi inayokuza mara 40 inakupa 6.5 ÷ 40, yaani takribani mikromita 0.16 kwa pikseli. Seli nyekundu ya damu ya binadamu ina kipenyo cha mikromita 7 hadi 8, kwa hiyo itachukua pikseli kama 46. Hili si jambo la urembo. Matoleo ya mwanzo ya Cellpose hubadilisha ukubwa wa picha ili seli ziwe na kipenyo cha pikseli 30 hivi, kama zile ilizofunzwa nazo. Ukiiambia kipenyo ni 15 ilhali ni 46, itakupasulia kila seli vipande. Ukiiambia 150, itaona bonge moja. Kabla hujasema modeli imeshindwa, pima seli tano kwa mstari ndani ya Fiji, uweke wastani wake.

Picha zilizopigwa kwa simu kupitia jicho la hadubini? Zinawezekana, mradi ufunge simu kwa kishikio, uzime kukuza kwa kidijitali na umwambie kila mtu atumie simu ileile.

Nahitaji kuchora picha ngapi?

Chache kuliko unavyoogopa. Usianze kutoka sifuri. Chukua modeli iliyokwisha kufunzwa na uiongezee zako. Toleo la pili la Cellpose, la mwaka 2022, lilijengwa kwa ajili hiyo: modeli inachora, wewe unarekebisha ilipokosea, inajifunza, inachora picha inayofuata ikiwa na makosa machache. Waliolitengeneza walionyesha kuwa kwa njia hiyo seli 100 hadi 200 zilizochorwa zinaweza kutosha. Hiyo ni alasiri moja ya kazi.

Ila zisitoke picha moja. Seli 200 za slaidi moja iliyotiwa rangi Jumanne asubuhi zitaifundisha Jumanne asubuhi. Chukua slaidi nyingi, seli chache kutoka kila moja, na zile mbaya uziingize kwa makusudi.

Nani achore, na achore vipi?

Achore anayezijua seli. Na kabla hajagusa kipanya, kanuni ziandikwe.

Nitawaambia kilichonipata mimi. Tulikuwa wawili tukichora limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) za ng'ombe, kazi ya ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe ambao vimelea vyake huingia ndani ya limfosaiti na kuzifanya zigawanyike ovyo. Mwenzangu alichora ukingo wa nje kabisa wa seli. Mimi nikachora kiini, kwa kuwa kwenye limfosaiti kiini kimejaa karibu seli nzima na utepe uliobaki ni mwembamba kama ganda la kitunguu. Wiki mbili tukachora hivyo, kila mtu kwenye meza yake, tukisalimiana vizuri tu. Modeli ikajifunza wastani wetu sisi wawili: mstari unaopita katikati ya utepe, mahali pasipo na mpaka wa kitu chochote. Tulianza upya.

Siku hizi nataka karatasi moja yenye majibu ya maswali haya: tunachora kiini au seli nzima? Seli inayogawanyika ni moja au mbili, na zinakuwa mbili lini? Seli iliyokufa inachorwa? Iliyo nje ya fokasi je? Iliyokatwa na ukingo wa picha? Kisha watu wawili wachore picha kumi zilezile bila kuoneana, tulinganishe. Wasipokubaliana wao, modeli itakubaliana na nani?

Sina kompyuta yenye GPU. Nimekwisha?

La. Kutumia modeli iliyokwisha funzwa kunawezekana kwenye laptopu ya kawaida. Ni mwendo wa kobe, lakini picha 100 unaziacha usiku unazikuta asubuhi. Kufunza ndiko kunakohitaji kadi ya michoro, yaani GPU. Google Colab, huduma ya kompyuta za mtandaoni, hutoa bure kwa muda, ingawa hakuna ahadi kwamba utaipata, na kipindi hukatwa. Kwa hiyo hifadhi modeli kwenye Drive kila baada ya mizunguko michache. Faida yake ni kwamba umeme ukipotea mtaani kwako, mashine ya Colab haijui, ingawa kivinjari kikikatika kwa muda mrefu itakuona umeondoka. Pakia picha zako mara moja tu, zikiwa zimekatwa vipande, bando lisikuishie kwenye faili za gigabaiti nne.

Lazima nijue Python, lugha ya kuandika programu?

Hapana. Cellpose ina dirisha lake la kubofya, StarDist ina kiongezi ndani ya Fiji na ndani ya QuPath, programu nyingine ya picha za hadubini. Lakini ukifika picha elfu moja utajifunza Python kwa uchovu wa kubofya.

Nitajuaje imefanya vizuri?

Kwanza kwa macho. Weka mipaka ya modeli juu ya picha halisi, fungua picha 20 za kubahatisha, tembea nazo moja moja. Kazi hii hakuna namba inayoweza kuifanya badala yako.

Kisha namba. Usikubali usahihi wa pikseli peke yake. Kama seli zimechukua asilimia 10 ya picha, modeli inayosema "hakuna seli popote" ina usahihi wa asilimia 90. Tumia kipimo cha mwingiliano: eneo ambalo wewe na mashine mmekubaliana, ligawanywe kwa eneo lote ambalo yeyote kati yenu amelichora. Wewe umechora pikseli 100, mashine 100, zinazoingiliana ni 80. Muungano ni 120, na 80 ÷ 120 ni 0.67. Kwa kawaida ikipita 0.5 seli huhesabiwa imepatikana. Baada ya hapo hesabu ngapi zimepatikana, ngapi zimekosekana, ngapi zimezuliwa, ngapi zimeunganishwa, ngapi zimepasuliwa. Mbili za mwisho ndizo zinazonipa habari nzuri zaidi, kwa sababu zinaniambia nirekebishe nini.

Na tafadhali, usikate picha moja kubwa vipande 16 kisha 12 vikawa vya kufunzia na vinne vya mtihani. Huo ni mtihani uliovuja. Gawa kwa mgonjwa au kwa mnyama, si kwa kipande.

Ilifanya vizuri kwetu, ikaanguka kwenye slaidi za maabara nyingine. Kwa nini?

Kwa sababu ilikariri rangi yenu. Giemsa, rangi ya kutia slaidi za damu, iliyochanganywa na maji ya pH 7.2 na ile iliyochanganywa na maji yoyote ya mferejini hazitoi zambarau moja. Ongeza tofauti ya unene wa damu, taa ya hadubini, kamera. Dawa ni kuchanganya slaidi za kule katika mafunzo, hata chache, na kubadilishabadilisha rangi na mwanga kwa makusudi wakati wa kufunza.

Basi naweza kupima malaria nayo?

Kutenganisha seli si kutambua ugonjwa. Ni hatua moja kabla yake, na kosa lake hupanda juu kimyakimya.

Tazama mfano. Kwenye tone nene la damu, idadi ya vimelea kwa mikrolita hukadiriwa kwa kuzidisha vimelea ulivyohesabu kwa 8,000 (idadi ya seli nyeupe inayokadiriwa kwa mikrolita) na kugawanya kwa seli nyeupe ulizohesabu. Vimelea 150 dhidi ya seli nyeupe 200 ni 6,000. Sasa, nyutrofili, aina mojawapo ya seli nyeupe, ina kiini chenye vipande viwili hadi vitano vilivyoshikwa na uzi mwembamba. Modeli iliyozoea viini vya duara itahesabu kila kipande kama seli. Mahali penye seli nyeupe 200 itasema 300, na mgonjwa yuleyule sasa ana vimelea 4,000. Hakuna taa nyekundu itakayowaka, na ripoti itachapwa vizuri kabisa.

Kuna data za wazi za kufanyia mazoezi, kama zile picha 27,558 za seli nyekundu zilizotolewa na Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, kutoka slaidi zilizopigwa picha Chittagong, Bangladesh. Jifunzie hizo, lakini usidhani zinafanana na slaidi za Kisumu au Kilifi. Na ukiwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, slaidi zako nyingi hazitakuwa na vimelea, kwa hiyo mwaka mzima modeli itaweza kusema "hapana" na kuonekana hodari.

Picha za wagonjwa ni zangu kutumia?

Hata kama ulizipiga mwenyewe, si zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu data za afya kuwa nyeti. Pata kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kabla ya kuanza, si wiki ya kuwasilisha tasnifu. Seli yenyewe haina jina, lakini faili lako linalo: nimefungua folda ambamo kila picha imeitwa jina la mgonjwa na namba yake ya simu. Badilisha majina kabla ya kupakia popote, na kagua maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, maana hadubini nyingine huandika humo bila kukuuliza.

Seli zilizokatwa na ukingo wa picha nizihesabu?

Inategemea unapima nini. Kama ni eneo au umbo, zitupe zote, kwa kuwa nusu seli itakushushia wastani. Kama ni idadi, tumia desturi ya chemba ya kuhesabia damu: zinazogusa ukingo wa juu na wa kushoto zihesabu, zinazogusa wa chini na wa kulia ziache. Kwenye Cellpose kuna chaguo la kuziondoa zote za ukingoni. Usilitumie kabla hujaamua.